Kitanda na Mama: Mzazi Asiye na Mume katika Fasihi ya Kiswahili

Waswahili husema kwamba kitanda hakizai haramu. Methali hii imetumika kwa muda mrefu kumstahi mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, hata pale majirani wanaponong'ona kuwa sura yake haifanani na ya mwenye nyumba. Ni methali yenye huruma, kwani humkinga mtoto na fedheha asiyoitenda. Lakini huruma hiyo ina mpaka. Kitanda kinachotajwa ni cha mume. Mama aliyezaa pasipo kitanda hicho haingii katika hifadhi yake, wala mwanawe haingii.

Kwa upande mwingine, lugha hiyo hiyo inasema kuwa mama ni mama ajapokuwa rikwama. Hapo hapana sharti la ndoa. Je, hitilafu hii yatokana na nini? Jibu limo katika nafasi ya msemaji. Methali ya pili ni sauti ya mtoto amtazamaye mzazi wake. Ya kwanza ni sauti ya jamaa na majirani waipimayo nyumba kwa mwanamume aliyemo. Swali linalowapasa wahakiki, basi, ni hili: mtungaji wa Kiswahili amuumbapo mama asiye na mume, huwa amesimama upande gani?

Yafaa kuanza na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Utendi huu umezoeleka kusomwa kama mawaidha ya mke kumtii mumewe. Wako waliousifu kwa sababu hiyo, na wako walioulaumu kwa sababu hiyo hiyo. Pande zote mbili hazikulipa uzito wa kutosha jambo moja. Mwana Kupona alipoutunga alikuwa mjane: mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1856. Anayesema ni mama mgonjwa, asiye na mume, anayemrithisha binti yake dini, adabu na busara ya kuishi na watu. Maneno ni ya utii, lakini mamlaka ya kuyasema ni ya mama mwenyewe. Haidaiwi hapa kuwa utendi unaipinga mila ya wakati wake, unaikubali. Kinachodaiwa ni kuwa umbo la utendi lashuhudia kile ambacho maudhui yake hayakitaji, yaani mama anaweza kuwa nguzo ya malezi bila ya mume kuwapo.

Riwaya za baada ya uhuru zimelitazama suala hili kwa uchungu zaidi. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi amemwonyesha Regina akiibeba nyumba huku mumewe, Zakaria, akizama katika ulevi. Nyumba hiyo ina baba, na kwa hiyo machoni pa jamii imekamilika. Lakini mlezi ni mmoja. Binti yao, Rosa, hutoa mimba, na mwishowe hujiua. Wahakiki wengi wamemlaumu baba kwa malezi yake ya ukali, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, yapasa kuuliza pia kwa nini Rosa hafunguliwi njia nyingine: kuwa mama pasipo mume na bado akaishi kwa heshima. Ikiwa njia hiyo haiwaziki hata katika riwaya yenye ujasiri kama hii, basi kifungo cha fikra ni kizito kuliko fimbo ya Zakaria.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), amepiga hatua mbele. Tamima anaachwa na Maksuudi katika saa za uzazi, kwa kuwa alisaidiwa na mkunga kinyume cha amri ya mumewe. Hapa kitanda cha ndoa kimeshindwa kumlinda hata mke halali anayejifungua juu yake. Mwandishi hakumwachia Tamima aibu ya talaka. Ameirudisha kwa aliyeitoa. Naye Penina Muhando, katika tamthilia ya Nguzo Mama (1982), ameonyesha wanawake wa kijiji cha Patata wakihangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama, na miongoni mwa masaibu yao limo la mjane anayenyang'anywa mali na jamaa za marehemu. Sifa ya kuitwa nguzo wanapewa. Mali ya kuisimamishia nguzo hawapewi.

Huenda ikajibiwa kuwa fasihi ni kioo cha jamii, na kwamba mtungaji hawezi kulaumiwa kwa sura asiyoiumba yeye. Hoja hii haitoshi. Jamii zenyewe hazikuwa na familia ya namna moja tu. Miongoni mwa Wakuria, Wanandi, Wakamba na Wakikuyu, mila ziliruhusu mwanamke kumwoa mwanamke ili watoto wapatikane kwa ajili ya nyumba yake. Ni kweli kwamba hata hapo mama mzazi aliwekwa chini ya mahitaji ya nyumba. Lakini mtoto hakuitwa wa haramu. Kioo, kwa hiyo, huelekezwa na mkono, na mkono huchagua.

Wala jambo hili si la vitabuni tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1959, iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto gharama za malezi, ilifutwa mwaka 1969 na Bunge lisilokuwa na mbunge mwanamke hata mmoja. Ilipasa kungoja Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 53, itamke kuwa mama na baba wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria imebadilika, msamiati haujabadilika. Mtoto bado hutukanwa kwa neno mwanaharamu, na mama husemwa kuwa "amezalia nyumbani", ilhali baba aliyekimbia hana neno moja lililozoeleka la kumtaja.

Ndipo ilipo kazi ya mwalimu wa fasihi. Darasani, mbele ya wanafunzi ambao baadhi yao wamelelewa na mama peke yake, haitoshi kuorodhesha "nafasi ya mwanamke" kuwa ni mke, mama au malaya, kisha kufunga kitabu. Hapana budi kuonyesha nani anasema, nani anapimwa, na nani ameachwa pasipo jina. Mwanafunzi akitoka darasani akijua kwamba mama wa Utendi alikuwa mjane, atakuwa amejua pia kuwa nyumba aliyotoka yeye haikuanza jana, wala haikupungua kitu cha kuonewa aibu.