Springi Nne za Nyuma: Peugeot 504 Ndefu na Mabadiliko Inayoyastahimili

Gari linalotoka Kitale kuelekea kusini hupita Kiminini na Kamukuywa, huteremka zaidi ya mita 300, kisha huingia Webuye, ambako barabara hiyo hukutana na ile ya kutoka Eldoret kwenda Bungoma na Malaba. Katika miaka ya 1970 na 1980, msafiri wa sehemu hizi ambaye hakutaka kungoja basi lijae alitafuta Peugeot: stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, abiria saba na mizigo juu ya keria. Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na matatu za viti 14 na Toyota Probox. Peugeot 504 zilizobaki zimekuwa mali ya watu binafsi. Kuna anayeirithi kwa babake, kuna anayeikuta imeegeshwa chini ya mwembe na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma.

Wote humpelekea fundi swali moja: nibadilishe nini, na nini nisiguse? Wengi huanza kulijibu kwa kutazama rangi na rimu. Ni afadhali waingie kwanza chini ya gari, upande wa nyuma, kwa sababu huko ndiko Peugeot ilikofanya kazi yake kubwa.

Kampuni hiyo ilizindua 504 Septemba 1968, na mwaka uliofuata gari hilo likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Stesheni wagoni ilikuja baadaye. Anayeitazama kwa mbali atadhani ni saluni iliyorefushwa paa. Vipimo vinakataa. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma saluni ina mita 2.74, ilhali stesheni wagoni ina mita 2.90, na urefu wote umeongezeka kutoka takriban mita 4.49 hadi 4.80. Na nyuma, wahandisi waling'oa mfumo wa saluni wakaweka mwingine kabisa.

Saluni nyingi za 504 zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayopanda na kushuka kila moja kivyake. Mpango huo ni mtamu kwenye lami na hata kwenye murram, lakini ukilijaza gari mizigo, magurudumu hulala kwa ndani na tairi huliwa upande mmoja. Stesheni wagoni ikapewa ekseli ngumu, inayoshika magurudumu yote mawili yakiwa wima, gari liwe tupu au limebeba magunia. Juu ya ekseli hiyo zikawekwa springi nne za koili, mbili kila upande. Mzigo ukigawanywa kwa springi nne, hakuna hata moja inayolazimika kuwa ngumu kupita kiasi, na bodi haipigwi mahali pamoja tu. Ndiyo maana 504 ndefu ikiwa na dereva peke yake haimrushi kwenye matuta ya Misikhu, na ikiwa na watu saba haiburuzi buti chini.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani mpaka gari lipandishwe kwenye jeki. Propela shafti ya 504 inazungukia ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa bolti kutoka giaboksi hadi difu. Bomba hilo ndilo linaloizuia ekseli isijipinde dereva akikanyaga mafuta au breki. Springi kwa hiyo zimeachiwa kazi moja, kubeba uzito. Wamarekani walikuwa na njia nyingine. Stesheni wagoni kubwa za Chevrolet za 1971 hadi 1976 ziliwekewa nyuma springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kama kwenye lori, ambazo hubeba mzigo na papo hapo kuishikilia ekseli mahali pake. Zilifanya kazi yake vyema kwenye barabara pana za kwao, zikiendeshwa na injini za V8. Mpango wa Wafaransa ulifaa zaidi barabara iliyoharibika, kwa sababu springi isiyo na kazi ya pili inaweza kulainishwa.

Kenya iliiona kazi ya Peugeot kwenye Safari Rally kabla hata ya 504 kuja. Peugeot 404 ilishinda mashindano hayo 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara ya kwanza na ya mwisho mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na mbili za katikati zikaenda kwa Bert Shankland wa Tanganyika ya zamani pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ove Andersson akaja kushinda na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili, yenye injini ya V6, mwaka 1978. Hazikuwa stesheni wagoni, lakini mnunuzi wa Kitale hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Kilichoimarisha sifa hiyo ni kwamba gari liliunganishwa hapa hapa. Peugeot 504 zipatazo elfu 27 ziliundwa Kenya kutokana na vipande vilivyoletwa kwa meli, na kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa kikashika sehemu kubwa ya kazi hiyo. Uundaji wa 504 nchini ulikoma 2004, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuunda saluni yake. Kwa mwenye gari wa leo, takwimu hiyo ni spea: milango, vioo, ekseli na giaboksi kutoka kwa magari yaliyokufa, zikiwa bado mikononi mwa mafundi wanaozijua. Bila akiba hiyo mambo yangekuwa magumu, maana kiwango cha kitaifa cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Anayetaka stesheni wagoni ya zamani hana budi kuitafuta ndani ya nchi.

Injini nayo inastahili kuangaliwa kwa makini, kwani hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971 imelazwa kwa pembe ya digrii 45, bloku yake ni ya chuma na silinda hedi ni ya alumini. Pistoni hutembea ndani ya slivu zinazochomolewa, na maji ya kupoza huzizunguka slivu zenyewe. Faida yake kwa fundi wa Bungoma ni kubwa: injini ikichoka, hakuna haja ya kusafirisha bloku kwenda kuchongwa mjini. Hununuliwa seti ya slivu na pistoni, za zamani huchomolewa, mpya huingizwa, na injini hurudi katika vipimo vya kiwandani ikiwa ingali ndani ya gari.

Lakini mpango huo una masharti. Slivu hukaa juu ya sili nyembamba zilizo chini. Fundi akifungua silinda hedi halafu akaizungusha injini bila kuzibana slivu, zinaweza kuinuka, sili zikaharibika, na wiki chache baadaye maji yakaingia kwenye oili ikawa nyeupe kama maziwa. Kila slivu pia inatakiwa kuchomoza juu ya bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, zote kwa kiwango kimoja, ili gasketi ibanwe sawasawa. Gari nyingi zinazosemwa zina injini mbovu zilifungwa tu bila kupimwa. Na kwa kuwa hedi ni ya alumini, maji ya kisima yasiyo na kulanti huila polepole kutoka ndani.

Alumini hiyo ina neema yake. Hedi ya alumini haiwezi kutengenezwa bila viti vya valvu vya chuma kigumu vilivyopachikwa, kwa hiyo Afrika kusini mwa Sahara ilipoachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, injini hizi hazikupata taabu iliyozikuta injini nyingi za zamani za Kimarekani ambazo valvu zake zilikaa moja kwa moja juu ya chuma laini cha hedi.

Sasa mabadiliko yenyewe.

La kwanza ni kabureta, na hili wengi hawalifikirii. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja kati ya sita ikilinganishwa na ya Mombasa. Kabureta haijui hivyo. Huendelea kumimina petroli kwa mazoea ya pwani, mchanganyiko ukazidi mafuta kwa karibu asilimia 10, plagi zikawa nyeusi, gari likanuka na kukosa nguvu kwenye mlima wa kwanza. Dawa ni jeti kuu ndogo kidogo na kusogeza taiming mbele kwa kiasi. Ile jeti ya awali isitupwe. Gari likishuka Kisumu au Mombasa na jeti ya mlimani, mafuta yatapungua mno na valvu zitaungua. Jeti mbili katika mfuko mmoja ndani ya gari ni akiba ya bei nafuu kuliko nyingine yoyote.

Pointi ndani ya distribyuta zinafaa kuondolewa na kuwekewa kifaa cha kielektroniki cha kuwasha cheche. Hakionekani kwa nje, hakibadilishi sura, na kinamaliza kadhia ya gari kukataa kuwaka asubuhi ya mvua. Taa za mbele pia: umeme wake ukipitishwa kwenye rilei badala ya kupita wote kwenye swichi ndogo ya usukani, mwanga huongezeka bila kununua balbu kali, na swichi ambayo haipatikani tena haiungui. Kwenye barabara ya usiku yenye trekta za miwa zisizo na taa za nyuma, hili si pambo.

Springi ndizo zinazoharibiwa zaidi kwa nia njema. Vijana hupenda kuliinua gari. Fundi huweka speza nene, au huchomoa koili mbili akaweka springi nzito za gari jingine, na 504 husimama juu kama jogoo. Kilichopotea hakionekani gari likiwa limeegeshwa. Ekseli sasa ina nafasi ndogo ya kushuka, gurudumu huruka badala ya kufuata shimo, na bomba lile la propela shafti hufanya kazi kwa pembe ambayo halikukusudiwa. Gari lililosifiwa kwa ulaini wake linakuwa gumu kama pikapu. Springi mpya za vipimo vya asili pamoja na shokabso nzuri zitalirudisha gari katika kimo chake, na kimo hicho kilitosha barabara za Mlima Elgon zilipokuwa mbaya kuliko sasa.

Kuhusu kubadilisha injini, ushauri wa safu hii ni mmoja: usiibadilishe ile iliyopo maadamu inatengenezeka. Injini ya Toyota au Nissan huja na giaboksi yake, na giaboksi hiyo haina mahali pa kufungia bomba la 504. Fundi atalikata bomba na kuweka propela shafti ya wazi. Kuanzia hapo hakuna kinachoizuia ekseli kujipinda, mpaka zitengenezwe mikono mipya ya kuishikilia, kazi ya mhandisi wala si ya welda wa kando ya barabara. Zaidi ya hayo, aina na ukubwa wa injini vimeandikwa kwenye logbuku, na mabadiliko lazima yafikishwe kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Mwenye kutaka kupunguza gharama ya mafuta afadhali atafute giaboksi ya gia tano ya Peugeot yenyewe.

Rimu zina mtego wake. Bolti nne za 504 zimepangwa kwenye duara la milimita 140, kipimo ambacho gari za Kijapani zilizojaa mitaani hazikitumii. Wapo wanaotoboa upya habu au kuweka adapta. Adapta husukuma gurudumu nje na kuongeza mzigo kwenye bearingi, kwa gari ambalo hujaza watu saba. Rimu za chuma za inchi 14 zilizopigwa rangi vizuri zinapendeza kwa mwili huu mrefu. Kila nchi ina urembo wake: Ford Country Squire ya Marekani ilibeba sura ya mbao ubavuni hadi 1991, ingawa mbao halisi zilikuwa zimeachwa tangu mapema miaka ya 1950. Wa 504 ni mistari yake safi, na keria ndefu juu yake.

Kabla ya rangi, bodi ikaguliwe kwa bisibisi. Mvua ya Bungoma huacha matope ndani ya mapindo ya nyuma, na kutu huanzia ndani ikatoka nje. Vikombe ambamo vichwa vya springi hukaa visafishwe hadi chuma kionekane. Kiraka cha bati jembamba mahali hapo hakitadumu. Bamba lililooza likatwe lote na kuwekwa jipya, kwa welding ya pande zote.

Lililobaki ni mikanda. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, zililazimisha mikanda kwenye kila kiti cha magari ya abiria, na 504 nyingi zilizokuwa kazini ziliwekewa kwa haraka. Katika gari la familia, safu ya tatu ndiyo hukaliwa na watoto, na ndiyo aghalabu haina mikanda. Mkanda usifungwe kwa bolti inayopita kwenye bati tupu la sakafu, kwani siku ya ajali itang'oka nalo. Chini ya sakafu huwekwa bamba la chuma la unene wa milimita 3, pana kuliko kiganja, likichomelewa kingo zote, na bolti ipite hapo.