Sikiliza Pumzi Kwanza

Ukipewa rekodi ya kwaya, usiharakie kusifu sauti. Tafuta pumzi. Huku Mbulu, kuanzia Haydom na Dongobesh hadi hapa Bashay, nyimbo za kwaya hupita kutoka simu hadi simu, na sifa inayosikika zaidi ni kwamba "sauti zimepangwa". Kupangwa kwa sauti ni nusu ya kazi. Sikiliza waimbaji wanavuta hewa wapi. Wakivuta pale sentensi inapokwisha, ujue mwalimu aliyasoma maneno kabla ya kugusa kinanda. Wakikata neno katikati, mwendo waliamuliwa, na mara nyingi aliyeamua ni kinanda chenyewe.

Vinanda vya umeme vina biti zilizotengenezwa tayari. Mpigaji anabonyeza, ngoma inaanza, na biti haimngoji mtu. Pima mwenyewe: tazama mshale wa sekunde, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Zaburi ya toba ikifika mapigo 110 kwa dakika, toba imekwisha hapo. Mimi huitaka kati ya 60 na 70, karibu na moyo wa mtu aliyeketi na kutulia. Wimbo wa matoleo uende kama watu wanavyotembea na vikapu mikononi. Hata hivyo tarakimu haitoshi, maana kwaya inaweza kuimba kwa 66 na bado ikakimbia kwa sababu hakuna anayeyamaliza maneno.

Na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. "Bwana" hukaziwa kwenye "Bwa". "Utuhurumie" kwenye "mi". Pigo zito la wimbo likiangukia "na" ya "Bwana", msikilizaji anajikwaa hata kama hajui nota moja. Nimesikia rekodi zenye sauti nne safi kabisa, zikiteleza hivyo kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mara nyingi tuni ilitungwa kwa lugha nyingine na maneno yetu yakabandikwa baadaye.

Wimbo ukiwa wa Kiiraqw, masharti yanaongezeka. Lugha ile ina toni, hivyo tuni isipande pale neno linaposhuka. Ina pia "sl" na "hh", sauti zinazomezwa upesi pale fundi anapomwaga mwangwi mwingi. Mwangwi ukifuta "sl", maana inakwenda nayo. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, sala iliyo shairi, ambayo mmoja huisema na waliohudhuria wakaitikia. Pale hakuna biti. Mwendo unatoka kwa anayesema na wanaomwitikia. Mwalimu wa kwaya wa huku aisikilize slufay kabla hajaingia studio.

Ruhusa ya kuleta muziki wa wenyeji ibadani ni ya zamani. Kwa Wakatoliki, tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, na ibara ya 119 inataka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa Walutheri, "Mfurahini, Haleluya" ya Bernard Kyamanywa, yenye tuni ya asili ya Tanzania, imeingia vitabu vya nyimbo vya ng'ambo.

Juu ya karatasi zetu za nota huandikwa "Do = G" au "Do = F", na wengi hawapatazami. Patazame. Sauti ya kwanza wakipiga kelele kwenye kilele, Do imewekwa juu mno. Besi wakinung'unika bila neno kusikika, imewekwa chini mno. Shahidi wangu ni sauti ya tatu: wakiweza kuimba polepole bila kubana koo, Do imepata mahali pake. Kupandisha nusu toni ubeti wa mwisho nakubali. Kupandisha kila ubeti kunachosha, na huonyesha kwamba wimbo umeishiwa.

Kwaya isiyo na kinanda hushuka kidogo kidogo. Chukua uma wa kupimia sauti, ule wa A 440, ulinganishe mwanzo na mwisho. Nusu toni baada ya beti nne naisamehe. Siisamehe programu ya kunyoosha sauti, kwa sababu hufuta ile njia ndogo ambayo koo hupita kuifikia nota, na humo ndimo sala inamosikika.

Kuhusu hisia, wengi hudhani wimbo uliotulia kwenye La ni wa huzuni na wa Do ni wa furaha. Si lazima. Nyimbo nyingi za misiba ziko kwenye Do na watu hulia. Huzuni hutoka kwenye mwendo, kwenye besi wanaoingia wakiwa wamechelewa kidogo, na kwenye kimya kati ya beti. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya mji wa Katesh na kuua watu wengi. Tangu hapo, rekodi ya msiba naipima kwa swali moja: ingeweza kupigwa katika nyumba ya mfiwa wa Katesh juma lile? Yenye vigelegele vilivyopachikwa studio haingeweza. Yenye sauti nne, kinanda cha chini na nafasi ya kuvuta pumzi ingeweza.

Ninyi walimu wa kwaya, nawaomba jambo moja. Kabla ya kurekodi, waketisheni waimbaji nje, wote wayasome maneno kwa sauti bila kinanda, mara tatu, na mmoja ashike saa. Mwendo utakaopatikana uandikeni juu ya karatasi ya nota, kando ya Do, na mpiga kinanda aufuate huo.