Maneno Yasiyosikika: Utendaji na Maana katika Tamasha la Graindikoo na Sladji

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba utungo hauishi katika maneno peke yake. Fanani, hadhira, mahali na wakati wa utendaji vyote huchangia maana. Hata hivyo, uchambuzi unapoanza, wengi wao huyarudia maneno yaliyonakiliwa kwenye karatasi. Hayo mengine hutajwa katika aya moja ya utangulizi kisha yakasahauliwa. Msimamo huo wa kinadharia unahitaji kupimwa kwa sanaa ambayo maneno yake, jukwaani, hayasikiki. Makala haya yanachunguza sanaa ya namna hiyo: tamasha la muziki wa metali wa aina mbili, yaani graindikoo na sladji. Hoja yake ni kwamba kutosikika kwa maneno ni sehemu ya fani yenyewe, na kwamba mhakiki anayeihukumu kuwa kelele tupu hutumia kipimo ambacho nadharia yake imekwisha kukikataa.

Wakati kama fani

Graindikoo ilizaliwa Uingereza, katika jiji la viwanda la Birmingham na viunga vyake. Huko ndiko alikotoka Tony Iommi wa kundi la Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili katika kiwanda cha mabati, ambaye baadaye alilegeza nyuzi za gitaa lake na kuupa muziki wa metali uzito wake wa awali. Napalm Death, kundi lililoundwa mwaka 1981 katika kijiji cha Meriden, lilijijengea jina kwa maonyesho katika baa ya The Mermaid jijini Birmingham. Albamu yake ya kwanza, Scum (1987), ina nyimbo 28 katika muda wa takriban nusu saa. Mmojawapo, "You Suffer", hudumu kwa sekunde 1.316 tu.

Sladji, kwa upande wake, ni zao la Marekani. Waasisi wake ni Melvins, walioanza katika jimbo la Washington mwaka 1983, na Eyehategod wa New Orleans, walioanza mwaka 1988. Jina lenyewe lina maana ya tope zito, na muziki wake huenda kama anayetembea ndani ya tope hilo: noti moja ya gitaa huachwa ikavuma hadi msikilizaji akadhani inayofuata imesahauliwa.

Aina hizi zinapowekwa katika jukwaa moja, kama Melvins na Napalm Death walivyofanya katika ziara yao ya Marekani mwaka 2016, inadhihirika kwamba zinakabiliana na kaida moja: urefu ambao msikilizaji anautarajia kutoka kwa wimbo. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hatashangazwa na jambo hili. Sikio lililozoea mshororo wa mizani kumi na sita hushtuka mizani inapopungua au kuzidi. Graindikoo hukata mapema mno. Sladji hukawia kupita kiasi. Tofauti ni kwamba anayesikiliza sahani nyumbani aweza kuurudia wimbo au kuuzima. Katika ukumbi, wakati hautawaliwi naye. Wimbo wa graindikoo humwisha kabla hajautambua, na ule wa sladji hauna namna ya kuharakishwa.

Sauti mbili za fanani

Jukwaani, Barney Greenway, mwimbaji wa Napalm Death tangu mwaka 1989, ana sauti mbili. Ndani ya wimbo hunguruma kwa namna ambayo silabi hazitenganishiki. Baina ya nyimbo huzungumza na hadhira kwa lugha ya kawaida, akieleza wimbo unaofuata unahusu nini: hali ya wakimbizi, ubaguzi, mamlaka ya dini, jinsi wanyama wanavyotendewa. Mashairi yenyewe nayo huchapishwa pamoja na albamu. Kwa hivyo maana imegawanywa sehemu tatu: maandishi, maelezo na ngurumo.

Yawezekana kupinga kwamba wimbo unaohitaji kufafanuliwa umeshindwa kujieleza. Pingamizi hili lina nguvu iwapo kazi ya wimbo ni kupasha habari. Lakini hebu tamasha hili lilinganishwe na taarab. Katika taarab, shabiki hutoka kwenda kutuza pale mshororo unapomgusa, na hapana budi kila neno lisikike kwa kuwa fumbo limo ndani ya neno. Katika graindikoo hakuna fumbo. Jambo limekwisha kusemwa waziwazi kabla mpiga dramu hajainua mikono. Kilichobaki kwa ngurumo ni kuonyesha uzito wa jambo hilo mwilini mwa anayelisema. Maelezo huitaja dhuluma; ngurumo humwonyesha mtu aliyeshindwa kuizungumzia kwa utulivu.

Hadhira kama watendaji

Mwaka 2013, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha uchunguzi wa video za matamasha ya metali. Waligundua kwamba mwendo wa watu wanaosukumana mbele ya jukwaa hufanana na mwendo wa chembe za gesi, na kwamba wakati mwingine mwendo huo hujipanga ukawa duara linalozunguka. Matokeo hayo yanavutia, ila yanaacha kando jambo ambalo mhakiki wa utendaji hawezi kuliacha: kwa desturi, anayeanguka huinuliwa mara moja na wale wale waliomsukuma. Chembe za gesi hazina adabu. Hadhira hii inayo, na mgeni hujifunza kwa kutazama. Katika sladji mwendo hubadilika. Watu husimama, huyumba na kutikisa vichwa, huku sauti ya besi ikifika kifuani kabla ya kufika sikioni.

Sauti hiyo ina gharama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15 katika kumbi za burudani. Wahudhuriaji wengi wa muziki huu huziba masikio ili waweze kuusikiliza.

Mfano wa Nairobi

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Duma, kundi la Martin Kanja na Sam Karugu kutoka Nairobi, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Midundo yake ya kasi hutoka kwenye mitambo ya kielektroniki mahali pa mpiga dramu. Jina la kundi nalo linastahili kuhakikiwa: kwa Kiswahili ni mnyama asiyeshindwa mbio, na kwa maelezo ya kundi lenyewe linatokana na neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Kasi na giza ndizo sifa kuu mbili za albamu hiyo.

Hitimisho

Sanaa hii ina kasoro yake. Mshtuko unaorudiwa kila usiku kwa miaka arobaini hugeuka kaida, na hadhira inayokuja ikitarajia kushtushwa haishtuki tena kwa urahisi. Makundi yaliyo bora hulijua hilo, ndiyo maana hubadilisha mwendo na kuacha kimya mahali pasipotarajiwa.

Funzo kwa taaluma ya fasihi simulizi ni la kiutendaji. Mtafiti anayekwenda nyanjani akarudi na maneno ya wimbo pekee, bila kuandika ulichukua muda gani, fanani alinyamaza wapi, alisema nini kabla ya kuanza, na nani aliinuka, amekusanya sehemu ndogo tu ya utungo. Kwa tamasha la graindikoo, mtafiti huyo angerudi na daftari karibu tupu, na kosa lake lingeonekana mara moja. Kwa wimbo wa jando au wa kilimo, daftari hujaa maneno, na kosa lile lile hupita bila kugunduliwa.