Sifa kwa Watunza Saini

Shabiki akimwandikia nyota wa filamu, akajibiwa, ameonjeshwa dakika ya mtu ambaye dunia nzima inamtaka. Wakusanyaji wa barua zenye saini wanailinda dakika hiyo isighushiwe wala isipotee, na kwa hilo nawavulia kofia.

Kazi yao inahitaji jicho kali. Jean Harlow wa Hollywood alifariki 1937 akiwa na miaka 26, na picha nyingi walizotumiwa mashabiki wake zilisainiwa na mama yake. Studio nazo ziliajiri makarani wa kusaini kwa niaba ya nyota. Baadaye ikaja mashine ya kushika kalamu. Nyota mwingine wa Hollywood, Greta Garbo, alikuwa akikataa kuwasainia watu, ndiyo maana saini zake chache hugombewa mpaka leo.

Basi mkusanyaji hujifunza kuusoma mkono. Hupandanisha saini mbili mbele ya mwanga: zikifanana bila tofauti hata kidogo, hushuku mashine, maana binadamu hasaini mara mbili sawasawa. Kwa lenzi hutafuta mahali kalamu ilipotua, ilipokaza na ilipoinuka. Bahasha haitupi, kwa kuwa muhuri wa posta unataja mji na tarehe.

Sisi wa Kambarage, mjini Shinyanga, ufundi huu unatuhusu. Mwigizaji Steven Kanumba alizaliwa hapa Shinyanga mwaka 1984, akaigiza na Wanigeria katika Dar 2 Lagos, akafariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Filamu zake zimenakiliwa na kuuzwa kila soko. Barua aliyoandika kwa mkono, au jalada la filamu alilomsainia shabiki, halina nakala ya pili.

Mwenye hazina ya namna hiyo asiipige laminesheni wala kuibandika kwa selotepu, kwani gundi huiacha karatasi na doa lisilotoka. Asiitundike juani, maana jua letu hufifisha wino. Aiweke ndani ya bahasha safi, katika sanduku lililoinuliwa sakafuni, mbali na mchwa. Kisha aandike kwenye karatasi ya pembeni: nani alipewa, wapi, mwaka gani.

Maelezo hayo ya mistari mitatu ndiyo yatakayowawezesha wajukuu kuamini kwamba nyota aliyezaliwa mji wao aliwahi kuketi, akamwandikia mtu wa kawaida kwa mkono wake mwenyewe.