Pongezi kwa Wauza Vitabu vya Mitumba

Wauza vitabu vilivyotumika wanastahili shukrani za wasanii, kwa sababu huweka hata kile ambacho hakuna anayekiulizia. Mwaka 1966, katika ghala la samani kuukuu huko Peckham, London, mchoraji Tom Phillips alinunua kwa peni 3 A Human Document, riwaya ya W. H. Mallock ya mwaka 1892 iliyokwisha kusahaulika. Alizifunika kurasa zake kwa rangi na michoro, akaacha wazi maneno machache yaliyounganishwa kwa vijia vyembamba, ikazaliwa hadithi nyingine, A Humument. Hata jina la mhusika wake, Toge, lilichomolewa ndani ya neno “together” la Mallock. Kazi hiyo aliirudia toleo baada ya toleo hadi 2016.

Wapo watakaosema huko ni kuharibu kitabu. Kwa nakala adimu wana haki. Lakini riwaya hii ilikuwa na nakala nyingine, na leo Mallock anakumbukwa na wengi kupitia Phillips. Wengine watasema sifa ni ya msanii peke yake. Jicho lilikuwa lake, naam, ila duka linaloweka vitabu vinavyotoka haraka tu lisingempa cha kukitazama. Anayekipa kitabu nafasi kwenye rafu bila kujua nani atakitaka, naye ana mkono katika sanaa hiyo.