Toni, Vina na Hukumu: Hip-hop ya Kisii na Nyamira

Mjadala kuhusu eneo la Kenya linalotoa hip-hop bora aghalabu huishia Dandora ya Kalamashaka au Mombasa ya Ukoo Flani. Kisii na Nyamira hazitajwi. Tatizo ni kipimo: wahakiki hupima vina kwa sikio la Kiswahili, lugha isiyo na toni. Katika Ekegusii, silabi zinazofanana kiirabu na kikonsonanti zaweza kuachana kwa kidatu. Papo hapo mfokaji stadi hupata uwanja. Isitoshe, obokano, kinubi kizito cha nyuzi nane, kimeyasindikiza masimulizi tangu kabla ya santuri. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walichanganya Kijaluo na Kiingereza, na nchi nzima ikaitika bila kudai tafsiri. Ekegusii yadaiwa.