Chini ya Peugeot 504: uimara ulikaa wapi

Waliosafiri na Peugeot za abiria kati ya Nairobi na Nakuru miaka ya 1970 na 1980 wana sifa moja kuhusu 504: lilikuwa gari gumu. Sifa hiyo imeshafika kwa vijana wanaotafuta gari la zamani la kumiliki, na wengi wao wanalinunua kwa sababu hiyo hiyo. Shida ni kwamba ukilala chini ya gari lenyewe ukatazama lilivyoundwa, ugumu huuoni. Unaona springi ndefu na laini, unaona injini inayokubali kufunguliwa vipande vipande, na ukilinganisha magari mawili tofauti ya 504 unaweza kukuta nyuma zisizofanana hata kidogo. Majibu ya kwa nini gari hili lilidumu kwetu yako katika mambo hayo matatu.

Sedani ilianza kuonyeshwa Paris mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 ikatajwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Waamuzi wa Ulaya hawakuwa na habari na barabara ya vumbi. Walichopenda ni namna lilivyotulia barabarani. Mbele lilikuwa na shokapu zilizosimama ndani ya springi. Nyuma kila gurudumu lilishikwa na mkono wake, springi yake na ekseli fupi yake, huku difu ikiwa imefungwa kwenye bodi. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halipati habari. Tena mwendo wa gurudumu kupanda na kushuka ulikuwa mrefu kuliko wa magari mengi ya familia ya wakati ule, kwa hiyo pigo lilimezwa na springi kabla ya kufika kwenye bodi.

Hapo ndipo watu wanapokosea. 504 haina chesisi iliyo mbali na bodi kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Gari la namna hiyo likifungwa springi ngumu kisha likapigishwa barabara mbovu, bodi huchanika kwenye maungio. Wafaransa walichagua njia ya pili, kuiacha miguu icheze ili mwili upumzike.

Mashindano ya magari ya Safari Rally yaliitangaza njia hiyo. Tayari 404, Peugeot iliyoitangulia 504, ilikuwa imeshinda mwaka 1963 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, mwaka ambao magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa wakiiwakilisha Tanzania, wakashinda na 404 mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudi kileleni, na kwa mara nyingine magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7, safari hii kati ya 93. Ikaja zamu ya 504: Ove Andersson na Arne Hertz walishinda na sedani mwaka 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefebvre wakashinda na kupee yenye injini ya V6. Ni rekodi ya kuheshimiwa. Lakini gari la mashindano huimarishwa, hufuatwa na mafundi njia nzima, na hubeba watu wawili. Mama aliyepanda na magunia yake kwenda sokoni hakusafiri na gari la Andersson.

Alisafiri na lile refu la abiria, lililotoka baada ya sedani, nalo kwa nyuma ni gari jingine.

Ukiipakia sana sedani yenye mikono huru, nyuma inashuka na mikono inapanda. Mikono hiyo imefungwa kwa mshazari, kwa hiyo inapopanda magurudumu huinama, vichwa vikielekea ndani. Tairi linaanza kuliwa upande wa ndani, na ekseli fupi zinazunguka kwa pembe ambayo viungo vyake havikukusudiwa kuishi nayo kila siku. Dereva aliyekuwa akiifanya sedani ya namna hiyo teksi ya mizigo alikuwa anailipa bei hiyo kwenye tairi kila baada ya muda mfupi, hata kama hakujua kwa nini.

Kwa gari la abiria, wahandisi wa Peugeot waliiacha kabisa mikono huru. Waliweka ekseli moja nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, na juu yake springi nne, mbili kila upande. Ekseli ya namna hiyo haiinamishi tairi hata mzigo uwe mkubwa kiasi gani. Gari linashuka, tairi linabaki limesimama wima. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma wakauongeza kutoka mita 2.74 hadi mita 2.90. Sentimita 16 hizo si za kunyoosha miguu tu. Zinaisogeza ekseli nyuma, ili safu ya tatu ya viti isining'inie nje ya magurudumu na kuinua pua ya gari. Breki za nyuma zikawa za ngoma, wakati sedani za mwanzo zilikuwa na za disiki pande zote nne. Fundi wa kijijini aliipenda zaidi ngoma kwa sababu matope hayaifikii kirahisi.

Walipoteza nini? Utulivu. Ekseli nzima ni nzito, na kwenye barabara ya matuta madogo madogo hurukaruka ikilipeleka gari pembeni, hasa likiwa tupu. Likiwa limejaa linatulia. Ndiyo maana madereva wa zamani walisema 504 ya abiria haiendi vizuri bila watu, na kwa hilo sioni kwamba walikuwa wanatafuta kisingizio cha kujaza.

Sasa mtego kwa mnunuzi. Mwaka 1973 Peugeot ilitoa sedani ya bei nafuu, 504 L, ikiwa na injini ndogo na ekseli nzima nyuma. Kwa nje ni sedani kama sedani nyingine, kwa chini imetwaa tabia ya gari la abiria. Kwa hiyo umbo halitoshi kukuambia unanunua nini. Lala chini utazame. Ukiona difu imeshikiliwa na bodi na ekseli fupi mbili zinatoka kushoto na kulia, hiyo ni gari ya starehe. Ukiona bomba moja la chuma limenyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu, hiyo ni gari ya kazi.

Ukiwa bado chini, tazama propela. Hutaiona, kwa sababu imefichwa ndani ya bomba linalotoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu. Kwa barabara zetu hii ilikuwa akili kubwa. Vumbi na mawe havigusi propela, na nguvu ya kujipindua inayoipata difu wakati wa kuondoka au kufunga breki inabebwa na bomba badala ya kuachiwa bushi ndogo za mpira. Gharama yake inaonekana siku klachi inapoisha. Gia boksi haitoki mpaka bomba lifunguliwe na kusogezwa, na kazi ambayo kwenye Toyota ni ya asubuhi, hapa inaweza kula siku nzima. Fundi anayekutajia bei ya klachi ya 504 bila kuuliza swali lolote, mwulize yeye amewahi kuifungua.

Nimeiweka injini mwisho makusudi, kwa kuwa ndiko siri kubwa iliko. Injini ya petroli ya 504 ilianza na ujazo wa sisi 1796, na baadaye ikaongezwa hadi 1971 kwa kupanua silinda kutoka milimita 84 hadi 88 huku mwendo wa pistoni ukibaki milimita 81. Imelazwa kwa pembe ya nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na vali zinasukumwa kwa fito kutoka kwenye kemshafti iliyo chini pembeni. Hakuna kitu cha ajabu hapo. Cha ajabu ni kwamba pistoni hazitembei ndani ya bloku. Zinatembea ndani ya slivu nne zinazochomekwa na kuchomolewa, na maji ya kupoza yanazigusa moja kwa moja kwa nje.

Maana yake gereji ni hii. Injini nyingi zikichoka, bloku hupelekwa mjini kwenye mashine kuchongwa, kisha hutafutwa pistoni za oversaizi. Kama mashine iko kilomita 400, gari limekufa kwa mwezi. Injini ya 504 unaifungua ikiwa hapo hapo chini ya mwembe. Unachomoa slivu za zamani, unaingiza mpya zikiwa na pistoni na ringi zake, na silinda zako zimerudi kwenye kipimo cha kiwandani bila mashine kuzigusa. Mji wowote uliokuwa na duka la spea lenye seti moja ya slivu ulikuwa na injini mpya rafuni.

Kazi yenyewe ina sharti. Chini ya kila slivu kuna gasketi nyembamba, na juu slivu inatakiwa ichomoze kidogo kuliko uso wa bloku, sehemu ndogo tu ya milimita, ili hedi ikifungwa izikandamize zote nne kwa usawa. Moja ikikaa chini kuliko wenzake, gasketi ya hedi itaungua pale pale. Na hedi ikishatolewa hakuna kinachozishikilia tena. Ndipo unaposikia fundi mkuu akimfokea mwanafunzi wake: "We dogo, usizungushe krenki kabla hujazifunga slivu!" Krenki ikizungushwa, pistoni huinua slivu, gasketi ya chini hubanduka, na maji huanza kuingia kwenye sampu. Gari linawashwa jioni likiwa zima, na kesho yake oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Injini nyingi zilizosemekana kuwa mbovu kutoka kiwandani ziliharibiwa katika dakika hiyo moja.

Udhaifu wa pili uko kwenye hedi. Alumini haipendi joto wala maji ya bomba matupu. Maji yasiyo na dawa ya kuzuia kutu huila taratibu kuzunguka matundu ya maji, na injini ikichemsha mara moja vizuri, hedi hupinda. Peugeot waliweka feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme, izunguke pale tu injini inapopata moto, ili kuokoa nguvu na mafuta. Umeme wake ukichakaa, feni haiji, na dereva asiyetazama geji anajua habari hiyo kwa mvuke. Mafundi wengi wa kwetu waliifunga izunguke muda wote. Wapenzi wa magari ya kale hulaumu jambo hilo kwamba limeharibu uasili wa gari. Mimi nawaunga mkono mafundi: petroli inayopotea ni kidogo, hedi ni ghali.

Kwa mtindo huo gari liliendelea kuishi mbali na kwao. Ufaransa waliacha kutengeneza sedani mwaka 1983, lakini Argentina waliendelea hadi 1999, Kaduna nchini Nigeria waliliunga kuanzia 1975 hadi miaka ya 2000, na Mombasa nayo ilikuwa na kiwanda cha kuliunga. Senegal gari refu la abiria likawa ndilo usafiri wa mikoani kwa miongo kadhaa. Kwa mmiliki wa leo orodha hiyo ya nchi ina faida moja ya moja kwa moja: spea hazikutegemea Ufaransa peke yake, na slivu, gasketi na pampu za maji bado zinapatikana kwa anayetafuta. Mapambo ya ndani, taa halisi na mipira ya vioo ndiyo yatakayokuhangaisha.

Kilichoiondoa barabarani kwetu hakikuwa barabara. Masoko yalipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi, na Hiace ilipakia abiria karibu mara mbili kwa dereva yule yule. Hesabu ya mwenye gari ilikwisha hapo, na hakuna uhandisi wa ekseli ambao ungeibadilisha.

Kwa anayetaka kumiliki moja sasa, Kenya haikubali kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo huko utanunua lililomo nchini tayari. Hakikisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, kwa kuwa mengi yamewahi kuunganishwa kutoka magari mawili. Injini isikutishe hata ikiwa imesimama, umeshaona inavyorudishwa. Chukua bisibisi na tochi, gonga chini ya milango, sakafu, sehemu ya tairi la akiba na pale juu shokapu za mbele zinaposhikiwa. Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam karibu na chumvi ya bahari ligonge mara mbili. Ungeniuliza mimi, ningechukua la abiria, petroli, sisi 1971, kabureta moja, lililokaa bara, hata kama rangi imekwisha na viti vimechanika, kuliko sedani inayong'aa ambayo muuzaji hataki uiinue kwa jeki.